Ziwa Tulivu na Rula ya Baba

Ukutani mwa ofisi yangu, juu ya rafu ya tasnifu zinazosubiri kusahihishwa, kuna picha ya mtu aliyeketi ndani ya kayaki ya rangi ya chungwa, fimbo ya kuvulia mkononi, maji yametulia pande zote. Mtu huyo ni mimi, miaka kumi na kitu iliyopita. Wanafunzi wanaoingia kuniona huitazama kisha hutabasamu. Mwezi uliopita afisa mmoja wa serikali aliyekuja kunitembelea aliitazama akasema kwa utani kwamba sisi wasomi tunajua kustarehe. Nilicheka naye. Alipoondoka nilikaa muda mrefu nikiitazama, maana sikuitundika pale kwa ajili ya starehe. Niliitundika ili inikumbushe sentensi moja niliyoiandika nikiwa kwenye kiti hiki hiki, sentensi ambayo mpaka leo sijailipia.

Ndugu msomaji, naomba nianzie mbali kidogo.

Nilizaliwa Ukerewe, katika nyumba ambayo ukifungua mlango wa nyuma unaona maji. Baba alikuwa mvuvi. Alikuwa na mtumbwi wa mbao, nyavu za makila, na mishipi ya ndoano aliyoitega jioni na kuiopoa alfajiri. Ada zangu zote za shule zilitoka katika Ziwa Viktoria zikinuka sangara. Lakini baba hakunifundisha kuvua. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, mdogo wake alitoka usiku kuvua na hakurudi. Mtumbwi ulipatikana umepinduka, yeye tulimpata siku ya tatu. Hakuwa na jaketi okozi. Sikumbuki kama kulikuwa na mtu hata mmoja pale mwaloni aliyekuwa nalo. Tangu siku hiyo baba alinikataza kuukaribia mtumbwi. "Wewe kazi yako ni daftari," aliniambia. "Ziwa niachie mimi."

Nikashika daftari. Daftari likanifikisha chuo kikuu, na mwaka 2010 likanifikisha Madison, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kusomea shahada ya uzamivu katika utawala wa umma. Mji ule umejengwa katikati ya maziwa. Kwa mtu aliyekatazwa maji utotoni, ilikuwa kama kutoroka nyumbani na kukuta nyumba imekutangulia.

Msimamizi wa tasnifu yangu alikuwa mzee mrefu, mkimya, aliyezoea kusoma sura za wanafunzi wake kwa kalamu nyekundu isiyo na huruma. Majira ya joto ya mwaka wangu wa pili alinirudishia sura iliyojaa wekundu, kisha akaniuliza kama najua kuvua samaki. Nikamjibu kwamba baba yangu ni mvuvi. "Sikukuuliza kuhusu baba yako," alisema. Jumamosi iliyofuata, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tulikuwa ukingoni mwa Ziwa Wingra tukishusha kayaki mbili kutoka juu ya gari lake.

Ziwa Wingra ni dogo, halifiki hata kilomita mbili za mraba. Upande wa kusini limepakana na msitu wa chuo kikuu. Upande wa kaskazini kuna bustani ya umma na bustani ya wanyama. Boti za injini haziruhusiwi kukimbia humo wala kuinua mawimbi, kwa hiyo alfajiri husikii kitu isipokuwa ndege na makasia. Asubuhi ile nilisikia na kitu kingine: simba alinguruma. Mimi mtoto wa Tanzania nilikuwa nimesafiri nusu ya dunia kuja kusikia simba akinguruma kutoka kizimbani, juu ya maji ya watu wengine. Mzee hakugeuka hata kidogo.

Kayaki ni chombo cha watu wa Aktiki. Wainuiti waliiunda kwa kiunzi chepesi kilichovikwa ngozi, wakawindia sili katika maji ya barafu. Siku hizi hutengenezwa kwa plastiki, lakini sheria zake hazijabadilika. Unaketi chini, karibu usawa wa maji, miguu imenyooshwa mbele. Kasia lake lina bapa pande zote mbili, na unapiga kulia na kushoto kwa zamu. Kichwa chako kikitoka nje ya ubavu wa chombo, mwili hufuata. Ukitupa ndoano, unaitupa kwa mikono na kiuno peke yake, kwani husimami. Na upepo mdogo, ule ambao baba asingeuita hata upepo, unatosha kukugeuza ukatazama ulikotoka. Ndiyo maana hubebwa nanga ndogo isiyozidi uzito wa chupa mbili za maji.

Kabla sijagusa kasia, mzee alinikabidhi vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa jaketi okozi. Sheria ya jimbo inataka kila chombo kiwe na jaketi kwa kila mtu aliyemo, lakini yeye alitaka nilivae, alifunga mikanda yake mwenyewe, akaivuta mabegani kuhakikisha haipandi. Nilisimama pale kama mtoto anayevalishwa sare. Nilimkumbuka baba mdogo. Cha pili kilikuwa kijitabu cha kanuni za uvuvi za mwaka ule, kinachotolewa bure, chenye jina la kila aina ya samaki, urefu unaoruhusiwa, na idadi unayoweza kuchukua kwa siku. Cha tatu kilikuwa rula ya utepe, iliyobandikwa kwenye ubavu wa ndani wa kayaki yangu, inchi kwa inchi.

Leseni nilikuwa nimeinunua siku moja kabla. Bei yake ilikuwa ndogo, ila nilishangaa kwamba mtu analipa ili avue samaki asiokusudia kuwauza. Mzee alinieleza jambo ambalo baadaye nililifundisha darasani mara nyingi. Tangu mwaka 1950 sheria ya Marekani hutoza kodi maalumu kwenye fimbo, ndoano na vifaa vingine vya uvuvi, na fedha hiyo hurudishwa kwenye majimbo kwa ajili ya samaki na maji. Jimbo linalotaka mgawo wake lina sharti moja gumu: fedha za leseni za wavuvi zisipelekwe kwenye shughuli nyingine. Hazijengi ukumbi wala hazinunui magari ya wakubwa wa idara nyingine. Mvuvi anayelipa anaweza kuuliza zimekwenda wapi, na kuna mtu anayelazimika kumjibu.

Majibu yenyewe yalikuwa chini ya kayaki yangu. Kwa miaka mingi Ziwa Wingra lilikuwa limechafuka tope kwa sababu ya samaki aina ya karpu, wageni wanaofukua chini wakitafuta chakula na kung'oa mimea. Mwaka 2008, miaka miwili kabla sijafika, watafiti na maafisa wa jimbo walivuta wavu mkubwa wakatoa zaidi ya tani 20 za karpu. Maji yakaanza kung'aa, mimea ikarudi. Nilipoinamisha uso niliyaona majani yakiyumba chini kama nywele.

Nilivua. Kwanza nikapata samaki aitwaye bluegill, bapa, mpana kama kiganja, ambaye ukimtazama kwa haraka utadhani ni sato mchanga. Kisha, karibu na magugu ya ufukwe wa kusini, kitu kilishika ndoano na kuanza kuondoka. Katika mtumbwi wa baba, samaki huvutwa aje kwenye chombo. Katika kayaki chombo ni chepesi kiasi kwamba samaki mwenye nguvu hukuvuta wewe. Omo ya kayaki iligeuka, nikaanza kusafirishwa taratibu kuelekea magugu, moyo ukidunda, mzee akicheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nilimpandisha hatimaye: besi mwenye mdomo mpana, mnene, wa kijani kibichi. Nikaanza kuwaza pilipili na ndimu.

"Mpime," alisema mzee.

Nikamlaza kwenye rula. Alipungua kama nusu inchi. Nilitazama huku na huku. Hakukuwa na mtu mwingine ziwani. Hapakuwa na askari, kamera wala mgambo. Nikamtazama mzee, mwenye umri wa baba yangu, aliyekwisha kugeuza macho yake kwenye ndoano yake kana kwamba jambo limekwisha. Nikamrudisha besi majini. Alikaa sekunde moja kando ya mkono wangu, kisha akatoweka.

Jioni nilimpigia baba simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimsimulia.

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema. "Umelipa ili uvue?"

"Ndiyo, Baba."

"Ukamvua?"

"Nikamvua."

"Ukamrudisha?"

"Nilimrudisha. Alikuwa mfupi kwa nusu inchi."

Kimya. Kisha nikamsikia akimwambia mama, pembeni ya simu, kwamba usomi huu unaanza kumwathiri mtoto. Tulicheka sote. Lakini kabla ya kukata aliuliza swali ambalo halikuwa na kicheko ndani yake: "Na jaketi, ulivaa?"

Kwa miaka iliyobaki nilikwenda ziwani karibu kila wiki ambayo maji hayakuwa yameganda. Ni juu ya kayaki nilikotatua sura ya nne ya tasnifu yangu. Ni huko pia nilikoanza kujenga imani ambayo sasa naiona ilikuwa nusu ya ukweli. Niliamini kwamba kinacholinda samaki ni kanuni kali na raia mtiifu. Kwamba wao wana kijitabu na rula, sisi tuna ujanja. Na kwamba nikirudi nyumbani kazi yangu itakuwa kuhimiza ukali.

Mzee alijaribu kunitoa huko. Majira ya kuchipua ya mwaka 2013 aliniambia nimepata somo la ziwa moja tu, nalo la mjini, na kwamba kabla sijarudi Afrika na kijitabu chake nikaone kaskazini. Akanipeleka.

Eneo la kaskazini la Wisconsin ni nchi ya Waojibwe. Katika mikataba ya mwaka 1837 na 1842 waliikabidhi Marekani ardhi kubwa, lakini wakabakiza haki ya kuwinda, kuvua na kukusanya mazao ya pori katika ardhi hiyo. Jimbo lilikuja kuisahau haki hiyo kwa muda mrefu, kwa namna ambayo dola husahau mambo yasiyoifaa. Askari wa uvuvi waliwakamata Waojibwe, wakachukua nyavu na mikuki yao, wakawapeleka mahakamani kwa kuvua katika maji ya babu zao. Mwaka 1974 ndugu wawili wa jamii ya Lac Courte Oreilles, Fred na Mike Tribble, walivuka mpaka wa hifadhi yao kwa makusudi wakavua kwa mkuki kwenye barafu, wakakamatwa. Kesi ilichukua miaka. Mwaka 1983 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua kwamba haki ile haikuwahi kufa.

Yaliyofuata hayafundishwi sana. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kila majira ya kuchipua, umati wa wapinzani ulijazana usiku kwenye mialo ya maziwa ya kaskazini, ukiwatukana Waojibwe na kuwarushia mawe wakishusha boti zao. Walidai kwamba mikuki itamaliza samaki aitwaye walleye. Hatimaye wataalamu wa serikali kuu, wa jimbo na wa makabila yenyewe waliketi wakahesabu kwa pamoja. Ripoti yao ya mwaka 1991 ilionyesha kwamba uvuvi wa mikuki haukuwa umeidhuru akiba ya walleye.

Usiku ule tulisimama kwenye mwalo mmoja wenye baridi ya kukata masikio. Boti ziliingia moja moja, taa zikiwaka. Kila boti ilipofika, karani wa jamii ya Waojibwe aliyekuwa na ubao wa kupimia alihesabu samaki wote, mmoja mmoja, akapima urefu wao, akaandika. Mvuvi alisimama kando akitazama idadi yake ikiandikwa. Hakuna aliyemfokea mtu. Mzee aliniambia: "Kanuni unayoiona hapa haikuanza na utiifu. Ilianza na watu wawili walioivunja kanuni ya zamani na kuuliza nani aliiandika."

Niliandika maneno yake kwenye daftari. Kisha nikayasahau, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani na kuwa mtu wa maana.

Nilirudi mwaka 2016. Baada ya muda nikaalikwa katika kikundi kidogo cha washauri, kimoja kati ya vingi ambavyo wasomi wenzangu mnavifahamu: posho ya kikao, chai ya saa nne, rasimu ya saa kumi. Mada ilikuwa uvuvi haramu. Hali ilikuwa mbaya kweli, na sitaki msomaji adhani nawatetea waharibifu. Kokoro lilikuwa likikwangua mazalia ya samaki. Nyavu za timba zilikuwa zikitupwa majini na kuendelea kuua zikiwa zimesahaulika. Sangara wachanga, chini ya sentimita 50 zinazotakiwa na kanuni, walikuwa wakiuzwa hadharani. Nilipewa kuandika aya ya mapendekezo. Nikaandika kwamba kuwe na udhibiti mkali usio na muhali, ikiwemo kukamata na kuteketeza zana zote zisizokidhi vipimo. Niliiona sentensi hiyo kuwa ya kiume. Nikapiga chapa, nikala chakula cha mchana.

Sijui sentensi yangu ilisafiri umbali gani. Mapendekezo kama yale yaliandikwa na wengi, na operesheni zingeweza kuja hata kama ningeandika mashairi. Ninachojua ni kwamba miezi kadhaa baadaye mama alinipigia simu. Nyavu za baba zilikuwa zimechomwa moto mwaloni pamoja na za majirani zake. Alikuwa amezinunua dukani mjini, kwa risiti, na lebo yake ilionyesha kipimo kinachoruhusiwa. Zilipopimwa, matundu yalipungua kama nusu inchi.

Nusu inchi, msomaji. Ile ile ya besi wangu. Mimi nilipopungukiwa na nusu inchi nilimrudisha samaki majini nikaenda nyumbani na hadithi ya kuchekesha. Baba alipopungukiwa na nusu inchi ambayo hakuishona yeye, alirudi nyumbani na harufu ya moshi, na deni la nyavu ambazo hazipo tena.

Nilituma fedha za nyavu mpya. Sikumwambia nilichoandika. Nilikaa na siri hiyo miaka miwili, nikifundisha kozi ya sera za umma, nikiwaambia vijana kwamba sera njema huanza kwa kumsikiliza anayeguswa nayo.

Desemba iliyopita nilikwenda Ukerewe na kayaki ya kujazwa upepo niliyoinunua kwa bei ambayo sitaitaja hapa, mke wangu ni msomaji wa blogu hii. Nilibeba na majaketi okozi mawili. Alfajiri, upande wa ghuba ambako upepo hufika kwa kuchelewa, niliiweka majini. Baba, ambaye sasa ana miaka sabini na mitatu, alisimama ufukweni akiitazama kama mtu anayetazama godoro lililokwenda kuoga.

"Hiki nacho kinavua?" aliuliza.

"Kinavua, Baba. Ila usitoe kichwa nje."

Alikubali kuvaa jaketi. Nilimfunga mikanda mwenyewe, nikaivuta mabegani. Tulipiga kasia mpaka mahali ambapo miti ya ufukweni ilikuwa midogo. Hakukuwa na mawimbi. Nilimwambia kila kitu: kikao, chai, sentensi. Nilikuwa nyuma yake, kwa hiyo sikuuona uso wake.

Alinyamaza kwa muda ambao samaki aligusa chambo mara mbili na kuondoka.

"Uliandika ukiwa wapi?" aliuliza.

"Mjini. Ofisini."

"Ungekuja," alisema, "ningekuonyesha."

Sikuelewa angenionyesha nini. Tuliporudi ufukweni alinipeleka kwenye mtumbwi wake wa zamani, uliofunikwa kwa makuti. Kwenye ubao wa kuketi alionyesha alama mbili zilizochongwa kwa kisu. Moja, alisema, ni ya sato, sentimita 25. Nyingine ni ya sangara, sentimita 50. Alizichonga mwaka ambao kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo wao, kile tunachokiita BMU, kiliwaeleza wavuvi vipimo hivyo na sababu zake. Miaka yote hiyo, tangu kabla sijaondoka kwenda Marekani kushangazwa na rula ya utepe, baba yangu alikuwa na rula yake, na alikuwa ameikalia kila usiku.

"Duka lililoniuzia nyavu lile," aliongeza, akirudisha makuti, "bado liko wazi."

Hilo ndilo deni langu, na sasa nimeliandika hadharani.

Wapo watakaosema hadithi hii inadai kwamba serikali ilegeze kamba. Sidai hivyo. Ziwa Viktoria tunaligawana na Kenya na Uganda, na nusu yake ipo kwetu. Tukilimaliza, hatuna jingine. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Naliunga mkono wazo la kulipumzisha ziwa. Lakini mtu ambaye hana mtumbwi wala wavu, anayelipwa kwa sehemu ya samaki wa usiku huo, miezi mitatu ni miezi mitatu ya watoto wake kula. Swali lake haliwezi kuwa aya ya mwisho ya ripoti, inayoandikwa wakati chai imeshapoa.

Nilichojifunza kwenye kayaki na nikakisahau ni hiki: utulivu wa ziwa hutengenezwa. Wingra ilitulia kwa sababu kuna sheria ya mwendo wa boti, kuna fedha zisizoruhusiwa kupotea njia, kuna tani 20 za karpu ambazo mtu alizitoa na kueleza kwa nini. Maziwa ya kaskazini yalitulia baada ya wavuvi kuingia ndani ya hesabu, wakishika ubao wa kupimia wao wenyewe. Mimi nilirudi na rula nikaiacha hesabu. Nikaona kipimo, sikuona aliyekubali kupimwa, wala nani alipewa nafasi ya kuuliza.

Kwa wanafunzi wangu: mtakapopewa kuandika aya ya mapendekezo, na mtapewa, nendeni kwanza mkamtafute mtu ambaye aya hiyo itamfikia ikiwa imegeuka kuwa moto. Mwulizeni kama tayari ana alama kwenye ubao wake wa kuketi. Kwa wanaharakati: jaketi okozi kwa wavuvi wa usiku ni haki isiyo na wafuasi wengi mitandaoni, na linaokoa watu. Kwa watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu kwa jina lisilo lenu, nawafahamu: anzeni operesheni inayofuata kwenye bandari na kwenye duka, mahali nyavu zinapoingia zikiwa bado na lebo, kabla ya kufika mwaloni ambako hazina mtetezi.

Na kwa afisa aliyenitania juu ya picha ukutani: karibu tena. Nimeibandika nyingine kando yake, niliyoipiga Desemba. Ni ubao wa mtumbwi, mkuukuu, wenye alama mbili za kisu. Ukiniuliza ni ya nini, safari hii nitakujibu.